Kompyuta Kubwa, Mashine za Kukodi na Ulezi wa Mwimbi

Wajukuu zangu wa kituoni, mmeanza tena kunipigia simu. Juzi alikuwa kijana aliyekuja kwa mafunzo ya kazi, simjui hata sura. Akaanza vizuri, "Shikamoo bibi," nikaitikia marahaba, halafu hata hakuvuta pumzi: "Bibi, kazi yangu ya utafiti niiombee nafasi kwenye kompyuta kubwa ya chuo, au nikodi mashine mtandaoni?" Nilikuwa kibarazani hapa mtaani kwangu Mazwi nachambua maharage, sinia mapajani. Nikamwambia swali hilo halijibiwi na mtu mwenye sinia mapajani, nitaliandika na atakayetaka atasoma. Ndiyo haya.

Kwa wasionijua, mimi ni Skolastika, wengi huniita Mama Skola. Niliajiriwa kituo cha utafiti wa mazao hapa Sumbawanga kama mpiga chapa, nikastaafu nikiwa msimamizi wa kompyuta. Sikuwahi kuhama ofisi. Meza ilibaki ileile na dirisha lilelile linaloangalia shamba la majaribio, ila mashine za juu ya meza ndizo zilizobadilika: taipureta, kompyuta yenye kioo kizito kama gunia la mahindi, kompyuta nyembamba, na mwisho waya tu unaokwenda kwenye kompyuta ambayo sikuwahi kuiona kwa macho. Kila ilipoingia mashine mpya nilidhani sasa watanirudisha nyumbani. Hawakunirudisha. Kila mara alitokea mtu wa kuvuta kiti, akakaa karibu yangu akanionyesha. Ndiyo maana mkiona nawasifia watu humu, mnivumilie, nina wa kuwasifia.

Kwanza tuelewane maneno, maana wengine mnatamka bila kujua mnachotamka. Kompyuta kubwa si moja. Ni kompyuta nyingi zimepangwa chumba kimoja, zimeunganishwa kwa nyaya za kasi sana, na watafiti wa vyuo na vituo mbalimbali wanaitumia kwa pamoja. Huingii tu. Unaandika ombi: nataka mashine kadhaa, kwa saa kadhaa. Ombi linakaa kwenye foleni, zamu yako ikifika kazi inaanza yenyewe hata kama wewe uko sokoni. Mashine za kukodi ndizo hizo mnazoita za wingu. Kampuni ina majengo yaliyojaa kompyuta sijui nchi gani, wewe unakodi kipande cha kompyuta kinachokaa na kujitegemea kama kompyuta kamili. Unaipata papo hapo, unaiwekea programu unazotaka, ukimaliza unaizima. Foleni hakuna. Ila ukikwama, mlango wa kugonga nao hakuna.

Mtu aliyenifundisha kuchagua kati ya hizo mbili ni Mwalimu Rashidi, msimamizi wa kompyuta kubwa ya chuo kimoja kule Dar es Salaam. Sijawahi kumwona. Tumefanya kazi kwa simu miaka na miaka mpaka nikakijua kikohozi chake. Mara ya kwanza nilipompigia nilikuwa na haraka, nikamuuliza kama alivyoniuliza huyu kijana: ipi bora?

"Dada Skola," akasema, "umewahi kwenda dukani ukauliza kipi bora, sufuria au ndoo?"

"Inategemea nataka kufanya nini."

"Basi nami niambie unataka kufanya nini. Kazi yako ukiikata vipande, hivyo vipande vinazungumza?"

Nikamwambia ndiyo, vinazungumza, ili nisionekane mjinga. Akajua sijaelewa, ila kwa adabu ya watu wa pwani hakunisuta, akaniacha niende nikaelewe mwenyewe. Nilielewa baadaye, na aliyenielewesha ni Desideri.

Desideri alikuwa mtaalamu wetu wa hali ya hewa, kijana wa mjini hapa hapa, mcheshi, mtu wa kumwambia hata mkurugenzi "poa" kisha akajishtukia. Kazi yake ilikuwa kukokotoa jinsi mvua inavyonyesha juu ya uwanda wetu na kwenye miteremko inayoshuka bonde la Rukwa. Aligawa nchi nzima vipande vya mraba. Sasa, upepo ukitoka mraba huu unaingia mraba wa jirani, kwa hiyo hakuna mraba unaoweza kupiga hesabu ya hatua inayofuata kabla haujapata habari za majirani zake wote. Desideri alipenda mashine za kukodi kwa sababu hakupenda foleni. Akakodi chache, kazi ikaenda taratibu. Akaongeza. Ikaenda taratibu zaidi.

"Mama Skola," akaja kuniambia, uso umemshuka, "nimeongeza mashine na kazi imezidi kuchelewa. Hizi mashine zinanichukia."

Tukampigia Mwalimu Rashidi. Alicheka mpaka akakohoa. "Watu wako wanataka kuzungumza kila dakika," akamwambia Desideri, "wewe umewapangia kila mmoja mtaa wake." Na ndivyo ilivyokuwa. Mashine alizokodi zilikuwa za kawaida, zimeunganishwa kwa mtandao wa kawaida, na kila moja ilikuwa inatumia muda mwingi zaidi kungoja habari za wenzake kuliko kupiga hesabu. Siku hizi naambiwa zipo za kukodi zenye nyaya za kasi pia, ukijua kuziomba. Sisi hatukujua. Kazi ya Desideri ilihamia kwenye kompyuta kubwa, ikasubiri zamu yake, ikaisha. Mimi somo liliniingia sawasawa nilipokwenda Kirando kwenye msiba wa shangazi, nikaona watu wamepanga mstari ufukweni wanavuta wavu. Mmoja akilegeza kamba kujikuna, wote wanasimama. Nikajisemea, hii ndiyo kazi inayozungumza.

Lakini kituo kizima kilishika somo hilo kwa mkono wa kushoto. Wakaona kosa la Desideri ni kukodi, si kukodi kwa kazi ile. Ikaongezeka habari ya mwenzetu mmoja aliyeacha mashine ya kukodi inawaka akaenda nyumbani kula Pasaka. Bili yake ilijadiliwa vikaoni mpaka Pentekoste. Mkurugenzi wetu, Daktari Sikazwe, mtu mtaratibu asiyepandisha sauti, akasema kwa taratibu zake hizo hizo kwamba kuanzia leo kituo hiki hakikodi mashine. Hakuna aliyepinga. Hata mimi niliona amesema vyema.

Hapo ndipo akaja Fides.

Fides alikuwa binti wa huku huku, kwao Kalambo, ametoka chuoni na shahada yake ya pili na viatu ambavyo havikumaliza mwezi. Utafiti wake ulikuwa juu ya ulezi. Mnakumbuka ule ugonjwa wa ukungu uliokausha masuke misimu miwili mfululizo, watu wakaanza kusema bora wang'oe ulezi wapande mahindi tu. Fides alitaka kujua ulezi wa nani unahimili na wa nani hauhimili. Na huku kwetu mnajua ulezi una wenyewe. Binti akiolewa anaondoka na mbegu ya kwao, anaipanda alikoolewa, naye baadaye anamfungia binti yake ya kuondoka nayo. Kwa hiyo ilibidi apite nyumba kwa nyumba, juu ya bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope, akiomba kila nyumba ukufi mmoja wa mbegu, yaani ujazo wa kiganja.

Katika kijiji cha Mwimbi alifika kwa Mama Gaudensia, mjane, mtu mzima. Ugonjwa ulikuwa umempiga misimu yote miwili, mbegu ya mama yake ilikuwa imebaki kidogo mno ndani ya kibuyu. Fides alinisimulia kwamba alipoona kibuyu kilivyo akataka kuaga asiombe. Yule mama akamzuia.

"Chukua," akamwambia. "Ila unirudishie jibu kabla sijapanda. Wenzako walikuja wakapima udongo, wakaja wengine wakaandika majina, hakuna aliyerudi. Nikipanda hii nayo ikafa, sina nyingine, na sina chakula."

Fides akaahidi, na aliahidi mbele ya shemeji wa yule mama na majirani zake. Mimi nilipoambiwa nilimwonea huruma. Nilijua kompyuta haijui majira ya kupanda.

Mbegu zilipandwa kiangazi, kwa kumwagilia, kwenye shamba la majaribio, lile la dirishani kwangu, ili tuone zipi zitaugua. Mvua ya mawe isiyo ya msimu ikanyesha ikasaga upande mmoja wote, na ukufi wa Mama Gaudensia ulikuwa upande huo. Ikabaki njia moja. Majani yalishachukuliwa na kupelekwa maabara ya nje kusomwa vinasaba, yaani ile asili ya mmea inayorithiwa. Zile mbegu zilizoharibiwa na mawe tungezijua kwa kuzilinganisha na ndugu zake zilizobaki shambani: kama inafanana na zilizougua, nayo itaugua. Hesabu hiyo ni kubwa. Kompyuta ya mezani kwangu ingeifanya mpaka Fides apate wajukuu.

Data ilirudi kutoka maabara ndani ya diski. Tukajaribu kuituma Dar kwa mtandao wetu, ikawa inakwenda kidogo, inakatika, inaanza upya. Nikamwambia Fides afunge diski tuipeleke kwa basi. Akadhani natania. Wajukuu zangu, kitu kizito mno kwa mtandao wenu, basi la alfajiri linakifikisha kesho yake, msione kitendo hicho ni cha kishamba. Nikaizungushia kanga kuukuu, nikaitia ndooni, nikaibana mfuniko, nikampa kondakta tuliyezoeana. Kosa lake kondakta ni kuiweka pamoja na ndoo za dagaa wa Kirando. Mwalimu Rashidi aliponipigia kusema imefika, alisema, "Dada Skola, paka wa chuo wamenisindikiza kutoka stendi." Lakini diski ilisoma vizuri, na data yote ikaingia kwenye kompyuta kubwa.

Tukaandika ombi la foleni. Sasa hapa kuna jambo ambalo naona ni letu sisi watu wa huku. Tumelelewa kwamba ukienda kwa mtu kuomba, omba lako lote mara moja, usimrudie kila siku kama mdudu. Fides, kwa malezi mema kabisa, akaandika ombi moja la heshima: mbegu zote kwa pamoja, mashine zote zinazoruhusiwa, muda wote unaoruhusiwa, asije akawasumbua tena. Sote tuliona ni adabu. Ombi likaenda kukaa kwenye foleni, likakaa. Wengine waliokuja nyuma yetu wakaingia wakatoka, sisi tupo. Fides akawa anafungua kompyuta asubuhi kuangalia foleni kabla hata ya kunisalimia, na mtoto yule alikuwa na adabu.

Huku nje wiki zinakwenda. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Zambia, watu wakaanza kubomoa ntumba, yale matuta ya mviringo waliyofukia majani tangu mvua zilizopita, wakisambaza udongo tayari kwa ulezi. Siku moja Fides akaja mezani kwangu akakaa bila kualikwa.

"Mama," akasema, "nimepigiwa simu kutoka Mwimbi. Bibi Gaudensia anauliza."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia tuko kwenye foleni. Akaniuliza foleni ya nini, ya maji?" Akajaribu kucheka, machozi yakamtoka. Nikafunga mlango.

Nikampigia Mwalimu Rashidi. Akaangalia ombi letu huko kwake, akaguna. "Mmeomba kama mnaalika harusi," akasema. "Mnataka ukumbi mzima, siku nzima, kwa mkupuo. Mashine nyingi hivyo hazikai wazi kwa pamoja hata siku moja. Kazi yenu hii, vipande vinazungumza?"

Safari hii nilimjibu ninachokijua. Mbegu ya nyumba hii haina haja na habari za mbegu ya nyumba ile. Kila moja inapigiwa hesabu yake peke yake mpaka mwisho kabisa, ndipo zote zinakusanywa kulinganishwa.

"Sasa kwa nini mmewafunga kamba moja?" akauliza.

Nilipoweka simu chini nilimkumbuka marehemu baba. Alipoalika watu kulima ntumba, mama alipika pombe ya ulezi, na baba alfajiri alikwenda shamba kupima ngwe, kila mtu kipande chake. Majirani wengine walipima ngwe ndefu, waonekane wana shamba. Baba alipima fupi fupi, nyingi. Aliyewahi alimaliza ngwe akachukua nyingine. Aliyechelewa kutoka kanisani hakukosa pa kuingilia. Mzee asiye na nguvu alimaliza yake moja kwa heshima akaenda kukaa kivulini na kikombe chake. Nikamwambia Fides, tulifute ombi hili, tupime ngwe.

Tukaikata kazi. Mbegu moja, ombi moja, mashine moja, muda mfupi. Tulipoyatuma yale maombi madogo, yakaanza kupenya kwenye nafasi ndogo ndogo zinazobaki kati ya kazi za wakubwa, hapa mashine moja kwa saa mbili, pale mashine tatu kwa saa moja. Fides alikuwa anasimama nyuma ya kiti changu anasoma majina ya nyumba kadiri zilivyokamilika, "Huyu wa Matai amepita. Hawa wa Kasanga wamepita," kama anayeita watu kwenye ubatizo. Wiki ile nilifurahi kazini kuliko wiki nyingi.

Halafu likaja tangazo. Kompyuta kubwa itazimwa kwa matengenezo, mfumo wa kupoza chumba umeharibika, kifaa kinatoka nje ya nchi, subirini. Sisi tulikuwa tumevuka nusu. Mwimbi yote ilikuwa bado. Mwalimu Rashidi alinipigia mwenyewe, na kwa mara ya kwanza hakunitania. Akasema, "Dada, kwa kazi ya aina yenu, ningekuwa mimi ningekodi."

Nikaenda na Fides kwa Daktari Sikazwe. Nilijiandaa kwa vita, sikuikuta. Alitusikiliza amekunja mikono. Akamuuliza Fides, si mimi, "Ya Desideri ilishindikana. Yako itawezaje?"

"Ya Desideri ilikuwa inazungumza, Daktari. Yangu kila mtu yuko kwenye ngwe yake."

Yule mzee kwao ni wakulima kama sisi. Akatazama dirishani kidogo. "Mtaipelekaje data yote hiyo? Kwa basi tena?" Tukamweleza kwamba data iko Dar tayari, pale chuoni mtandao ni wa kasi, Mwalimu Rashidi anaweza kuisukuma kwenda kwenye mashine za kukodi kabla hajazima. Akasema sawa, lakini mjaribu mbegu moja kwanza, mpime imechukua muda gani, mzidishe, mniletee, ndipo niseme ndiyo. Nawaambia nyote, hilo ndilo agizo bora nililowahi kupewa na bosi, na mpaka leo nikisikia mtu anakodi mashine nyingi kabla hajajaribu kipande kimoja, mgongo unaniuma. Tukajaribu moja. Tukampelekea. Akatia sahihi, akaongeza kwa kalamu: zizimwe.

Tulikodi za aina ile ya bei ndogo ambazo mwenyewe akizihitaji anakunyang'anya katikati ya kazi bila kukuomba radhi. Wengi wanaziogopa. Kwa kazi ya Desideri zingekuwa msiba, mmoja akitoka wote wamekwama. Kwetu, mashine iliponyang'anywa tulipoteza ngwe moja fupi, tukaipima upya kwa mwingine. Siku moja zilinyang'anywa mbili, Fides akashika kichwa, nikamwambia kachemshe chai. Aliporudi na birika, zilikuwa zimeshaanza tena.

Hatua ya mwisho, ile ya kukusanya zote na kulinganisha, ndiyo pekee iliyohitaji mashine moja yenye kumbukumbu kubwa, iweze kushika kila kitu kwa pamoja. Hiyo tuliikodi mwisho kabisa, kwa muda mfupi, tukaizima sisi wawili, mmoja akibonyeza na mwingine akishuhudia, kwa kuwa Pasaka ile ilikuwa haijasahaulika.

Kijana wangu wa simu, kama ulikuja kwa ajili ya jibu tu, umeshalipata. Uliza kazi yako inazungumza au haizungumzi. Uliza data iko wapi sasa hivi, maana mara nyingi kuihamisha ni kazi kuliko hesabu yenyewe. Uliza nani anakungoja na anakungoja mpaka lini. Halafu jaribu kipande kimoja. Wengine mtatumia hii, wengine ile, wengine zote mbili kama sisi, na msione aibu kuchanganya. Lakini ningependa ukae kidogo umalizie na Mwimbi.

Jibu lilitoka na halikuwa zuri. Fides alilisoma mara ya pili, akaniachia kiti nisome mwenyewe. Ulezi wa Mama Gaudensia ulikuwa ndugu wa karibu wa zile mbegu zilizokauka kabisa shambani kwetu. Ulezi uliohimili ulitoka kwenye nyumba moja juu ya kilima, upande wa huko huko Mwimbi, na mwenye nyumba alikubali mbegu yake tuliyoizalisha kituoni igawiwe kwa majirani.

"Naweza kumpigia simu," Fides akasema.

"Unaweza," nikasema. Kesho yake tukaondoka wote wawili na gari la kituo, mfuko wa mbegu kiti cha nyuma. Daktari Sikazwe alikuwa ameniaga kazini wiki hiyo hiyo, ilikuwa safari yangu ya mwisho ya kikazi, na nilishukuru kwamba haikuwa ya kwenda kwenye kikao.

Tulimkuta Mama Gaudensia shambani. Ntumba zote zilikuwa zimesambazwa, udongo mweusi, safi, haujaguswa na mbegu. Jirani zake walikuwa wameshapanda, wengine ulezi wao umeanza kuchungulia. Shemeji yake, Mzee Kapele, alikuwa amesimama ukingoni na jembe begani. Tulimwamkia, akaitikia, akasema, "Karibuni. Huyu tumemwambia apande, anasema anasubiri kompyuta."

Tukakaa kwenye magogo. Fides akampa Mama Gaudensia shikamoo yake, akainamisha kichwa, akamwambia yote kwa Kifipa, lugha yetu ya huku. Akamwambia ya mvua ya mawe, ya foleni, na kwamba mbegu yake haitahimili. Hakuipamba.

"Una hakika?" yule mama akauliza.

"Hakika kamili sina, bibi. Lakini lingekuwa shamba langu, nisingeipanda."

Mzee Kapele akashusha jembe. Mama Gaudensia aliinuka akaenda nyumbani kwake, Fides akanitazama. Nilidhani tumemkosea. Tulimwona anatoka na kibuyu chake na kitambaa. Akakaa palepale, akamimina ulezi wote uliobaki juu ya kitambaa, ukawa kiasi cha viganja viwili, mwekundu, mzuri wa kutazama. Akafunga fundo.

"Hiyo mliyoleta nitaipanda leo," akasema. "Hii ni ya mama. Nikiipanda itakufa. Kuisaga siwezi." Akamwekea Fides lile fundo mapajani. "Kaa nayo wewe."

"Bibi," Fides akasema, "mimi nimekuletea habari mbaya."

"Umeniletea habari. Wengine hata mbaya hawakuleta." Akamgeukia Mzee Kapele kana kwamba wanamalizia mazungumzo ya zamani. "Shemeji, si umeona? Wamerudi." Kisha akamwambia Fides, "Mtafute dawa yake, hata ikichukua muda. Siku mkiipata uniletee, na kama mimi sipo umpe binti yangu. Wewe unajua kurudi."

Fides aliipokea kwa mikono miwili. Akaishika kifuani, na asante nikaisema mimi kwa Kifipa, kwa niaba yetu sote.